Uso Uliobaki Ndani ya Projekta

TANGAZO. Wanachama wote wa Ushirika wa Wakulima Rusenga wanaarifiwa kwamba ushirika umepata projekta. Ni marufuku kupita kati ya projekta na ukuta wakati mkutano unaendelea. Wenye kofia pana wataketi nyuma. Ukuta wa mashariki umepakwa chokaa upya, usiegemewe. Mwanachama atakayeuegemea atapaka chokaa mwenyewe. Katibu.

Sylvesta Nkunzimana, aliyeliandika tangazo hilo na kulibandika mlangoni pa ukumbi mjini Kibondo, alifundisha fizikia mpaka alipostaafu, na watu waliendelea kumwita Mwalimu. Hakuamini ndoto, wala maombi ya kuleta mvua, wala redio ilipoitabiri mvua hiyo hiyo. Aliamini kitu kinachoweza kufunguliwa kwa bisibisi. Projekta ilikuwa kitu cha namna hiyo, na kwa sababu hiyo aliipenda kwa kiasi alichojaliwa kupenda kitu.

Ilitoka kambi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa, vifaa vyake vilipigwa mnada, na projekta ikaangukia mikononi mwa Abdulrahmani, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Kasulu, ambaye ndiye aliyeuuzia ushirika. Ubavuni ilikuwa na alama ya gundi mahali kibandiko kilipobanduliwa. Hakuna aliyeuliza ilikuwa ikionyesha nini huko ilikotoka. Mashine haiulizwi ilikotoka. Swali hilo, katika wilaya zile, huulizwa watu.

Mkutano wa kwanza ulikuwa wa kufundisha magonjwa ya muhogo. Madirisha yalizibwa kwa magunia, na ukumbi ukajaa hata waliochelewa wakasimama. Kabla ya kuanza, Sylvesta alisimama kando ya meza, akaweka kiganja juu ya mashine kama daktari anayemtambulisha mgonjwa.

"Ndani kuna taa," alisema, "kali kuliko ya lori. Mwanga wake mweupe unapita kwenye vioo maalumu vinavyoukata uwe rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kila rangi ina kioo chake kidogo, hakizidi stempu ya posta. Kioo hicho kimejaa vidirisha ambavyo jicho haliwezi kuviona, na kila kidirisha kinafunguka au kufungwa kadiri kompyuta inavyoamuru. Kisha rangi zinakutanishwa upya, zinapita kwenye lenzi, zinafika ukutani. Ndivyo daktari anavyowaonyesha wanafunzi wake moyo wa mtu, ndivyo kanisa linavyowaonyesha waumini maneno ya nyimbo. Leo sisi tutaona majani ya muhogo."

"Na hivyo vidirisha vya ndani," aliuliza mzee Kipriani, mwenyekiti wa ushirika, "vinatuona?"

"Haviwezi kuona, Mwenyekiti. Ni madirisha."

"Dirisha la jirani yangu linaniona kila siku."

Ukumbi ulicheka. Sylvesta alingoja kicheko kiishe, kama alivyokuwa akingoja wanafunzi.

"Sikilizeni vizuri, nisije nikarudia. Mashine hii haina kumbukumbu. Haitungi wala haisemi uongo. Kinachoonekana ukutani ni kile tu kilichopelekwa na kompyuta. Chomoa waya wa kompyuta, na ukuta utabaki ukuta."

Maneno hayo yalikuja kurudiwa mitaani, neno kwa neno, na watu ambao hawakuwahi kukumbuka lolote jingine alilowafundisha.

Majani yalionekana vizuri. Jani moja lenye batobato lilitanda ukutani likiwa kubwa kuliko mlango, madoa yake ya manjano yakafanana na ramani ya nchi isiyokaliwa, na mwanamke mmoja akasema kwamba kama ndivyo linavyoonekana kwa karibu, yeye hatakula kisamvu tena. Ndipo umeme ulipokatika. Feni ya projekta ilinyamaza. Katika giza kulisikika kikohozi, mtoto akalalamika, kisha umeme ukarudi kabla hata mtu mmoja hajafikia gunia la dirishani.

Kompyuta haikurudi. Betri yake ilikufa zamani, na bila umeme ilizimika kama mshumaa. Projekta ilijiwasha yenyewe. Taa za namna ile haziwaki ghafla: huanza na mwanga hafifu, hujikusanya polepole, na kilichopo mbele yake hujitokeza kidogo kidogo. Sylvesta alitarajia ukuta wa bluu tupu. Kwanza ilitokea doa. Doa likapata macho. Macho yakapata uso wa mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, akitazama mbele bila kutabasamu, bega la mtu mwingine likionekana kando yake kama lililokatwa kwa mkasi. Juu ya kichwa chake paliandikwa kwa herufi kubwa: WALIORUDI.

Projekta ilikuwa juu ya meza fupi, imeinuliwa mbele kwa kitabu, kwa hiyo picha ilipanuka upande wa juu. Paji la uso lilikuwa pana isivyo kawaida, na kidevu chembamba. Hakuna aliyekohoa tena.

"Mbona huyo ni Mama Moses," ilisema sauti ya mwanamke kutoka katikati, bila ubaya wowote, kama mtu anayekitambua kitenge chake kwenye kamba ya jirani.

Mama Moses alikuwa Irakoze, mke wa Sylvesta. Aliketi mstari wa tatu. Vichwa vilimgeukia, vikaugeukia ukuta, vikamrudia.

Irakoze alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Kasulu, si mbali na ilipokuwa kambi ya Mtabila, kwa wazazi waliovuka mpaka zamani na baadaye wakapewa uraia. Hakuwahi kuandikishwa kama mkimbizi. Karatasi zake zilikuwa sandukuni, zimekunjwa ndani ya plastiki. Lakini katika nyanda zile mtu akishatiliwa shaka huitwa kujieleza, na anayeitwa kujieleza halali vizuri mpaka shaka iishe, na shaka haijawahi kupangiwa tarehe ya kuisha. Wote waliokuwa ukumbini walilijua hilo. Wengi walilijua kwa kuwa liliwahi kuwafika.

"Waliorudi wapi?" aliuliza Pasikali, mjumbe wa kamati, ambaye sauti yake ilizoea kusoma masomo kanisani.

Hapo ndipo Kiswahili kilipowaponza. Nyumbani, kwa Kiha na kwa Kirundi, *gutahuka* ni kurejea nchi ya wazee, na *kugaruka* ni kuja tena mahali ulipoondoka. Anayefanya la kwanza na anayefanya la pili hawachanganywi hata na mlevi. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mikutano na ya mabango, kinawachukua wote wawili kwa neno moja na kuwaacha wajitenganishe wenyewe.

"Kama ni gutahuka," Pasikali aliendelea, "huyu alipakiwa basi, akapungiwa mikono, yuko Burundi. Basi aliyeketi pale ni nani? Na kama ni kugaruka, kagaruka kwa ruhusa ya nani?"

"Na kama siye?" Sylvesta alisema.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetuambia mashine haisemi uongo."

Sylvesta alikuwa mtu wa kusahihisha makosa, hata yake, na aliamini kwamba kosa likisahihishwa hadharani huisha hadharani. "Nilisema kwa ujumla," alisema. "Kuna nafasi moja ndogo. Mashine nyingine humruhusu mwenye nayo kuhifadhi picha moja, tuseme nembo ya ofisi, ionekane inapowashwa au inapokosa kompyuta. Mtu fulani kule Mtendeli alibonyeza rimoti, kwa kujua au kwa kutojua, na kipande cha picha iliyokuwa ukutani kikanaswa."

"Kwa hiyo ina kumbukumbu."

"Ya picha moja tu."

"Muda mfupi uliopita haikuwa nayo." Pasikali aliwatazama wenzake. "Mama watoto alipotokea ukutani ndipo ikapata kumbukumbu!"

Ukumbi ulicheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kifupi na kilitoka puani. Irakoze alisimama, akakaza kitenge chake, akaenda mlangoni kwa njia pekee iliyokuwa wazi, kati ya meza na ukuta. Uso ule ukamteleza mwilini. Kwa muda wa kupepesa jicho macho yalikaa juu ya macho, na herufi zikapita kwenye paji lake la uso. Hakuna aliyeweza kusema kwamba nyuso zile hazikuwa zimelingana.

Sylvesta alimkuta nyumbani akichagua maharage kwenye ungo, jua likiwa bado juu ya vilima.

"Uliwahi kuingia Mtendeli?" alimwuliza.

"Unaniuliza mimi, au umetumwa na ukuta?"

"Nakuuliza wewe, Mama Moses."

"Uso huu unaamka nao kila siku, Baba Moses. Utazame."

Aliutazama, na kwa aibu aliyoitambua papo hapo, akajikuta akipima umbali kati ya jicho na jicho. Irakoze aliliona hilo. Aliweka ungo chini.

"Ni Niyonsaba," alisema.

Sylvesta alimfahamu Niyonsaba kuwa binti wa mama mdogo wa mkewe, fundi cherehani aliyeshona barazani kwa Bi Firdausi kule Kasulu, mwanamke wa maneno machache ambaye hakupenda kupigwa picha harusini.

"Si wa mama mdogo. Tumenyonya ziwa moja," alisema Irakoze. "Mama mdogo alimchukua akiwa mchanga, akamlelea upande wa kule Burundi. Vurugu zilipoanza akakimbilia Mtendeli na mumewe. Kambi ikafungwa, wakatahuka. Mume alichukuliwa njiani, hawajafika hata kwenye shamba lao, na hakuonekana tena. Yeye akagaruka kwa njia za porini. Hilo neno lenu la ukutani linamtosha pande zote mbili."

"Basi nitawaambia si wewe, ni—"

"Sema, uone. Ukiwaambia si mimi, watauliza ni nani. Mimi nina karatasi. Yeye ana cherehani, tena ya kuazima."

Sylvesta alitafuta kasoro katika hoja hiyo na hakuipata. "Basi nitaifuta picha," alisema.

"Ego, ndiyo, ifute. Lakini kwenye vichwa vya watu utaifuta kwa rimoti gani?"

Alijaribu kuifuta ukumbini, peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Mashine ilimwonyesha orodha ya mambo iliyoweza kuyafanya, ikamruhusu kubadilisha rangi, ukubwa, hata lugha, na alipofika kwenye picha ya mwanzo ikamwomba nywila. Aliingiza tarakimu zote alizoweza kuzifikiria. Kila mara ilikataa kwa adabu ileile, na nyuma ya maandishi yake uso wa shemeji yake uliendelea kumtazama. Siku hiyo umeme ulikuwa ukicheza, na kila ulipokwenda na kurudi, uso nao ulikwenda na kurudi. Nje, mtu fulani aliukaribia mlango, akasimama, kisha hatua zake zikaondoka kwa haraka.

Asubuhi alilifunga sanduku la projekta kwa kamba, akaenda Kasulu.

Abdulrahmani alikuwa mtu mwenye asili ya pwani, aliyekuja Kasulu kwa biashara na kubaki kwa ndoa, na Kiswahili chake kiliwafanya wateja wasahau walichotaka kulalamikia.

"Mwalimu wangu! Karibu, karibu. Mgonjwa kafanyaje?"

"Ana kumbukumbu kuliko ulivyoniambia."

"Hilo si ugonjwa, Mwalimu. Wengine tunaliombea."

Duka lake lilikuwa refu na jembamba, lenye giza nyuma hata mchana. Aliiweka projekta kwenye kaunta, akaielekeza kwenye ukuta wa mwisho, akaiwasha. Taa ilijikusanya. Uso ulitokea.

"Lahaula," alisema Abdulrahmani. "Mtoto wa watu." Alibonyeza vitufe kwa ustadi, akajaribu nywila ya kiwandani, akajaribu nyingine, akatikisa kichwa. "Wameifunga. Hawa watu wa mashirika wanapenda kufunga vitu."

"Mwenye nywila yuko wapi?"

"Kambi ikifungwa, Mwalimu, wakimbizi hupangiwa pa kwenda. Wenye nywila hawapangiwi. Hata jina lake sikuambiwa." Alibonyeza tena. "Njia nyingine ni kubadilisha ubao wote wa ndani. Ubao uko Dar, na Dar nao watakwambia uko Dubai."

Sylvesta alikuwa ameutazama ukuta muda wote huo, kama mtu yeyote anavyoutazama ukuta wenye picha. Hakuwa ametazama nyuma yake. Ukuta wa mwisho ulitazamana na mlango, mlango ulikuwa wazi, na mbele yake ilipita barabara ya sokoni. Aliposikia sauti, ilikuwa ya Hashimu, muuza vitenge wa duka la pili, aliyesimama kizingitini na watu wengine nyuma yake.

"Aah, huyo si fundi wa barazani kwa Bi Firdausi?" alisema Hashimu. "Waliorudi... Karudi kutoka wapi?"

"Na lafudhi yake ile," alisema mwingine. "Mimi nilisema siku nyingi."

"Ulisema nini wewe? Ulisema anakushonea suruali vibaya."

"Suruali na lafudhi."

"Zima," Sylvesta alisema.

Abdulrahmani alimpa rimoti. Sylvesta alibonyeza. Mashine haikuzimika, iliandika kwenye shavu la Niyonsaba sentensi fupi ikimwuliza kama ana hakika, na kama anayo, abonyeze tena. Ilikuwa imeundwa kumkinga mtu asikatize mkutano kwa bahati mbaya. Alibonyeza tena. Ukuta ulikuwa mweusi, feni ikanguruma ikipoza taa, na mlangoni hapakuwa na mtu. Hilo halikumtuliza. Watu walioona kitu kizuri hubaki wakikijadili. Wanaoondoka upesi hivyo wana mahali pa kukipeleka.

Alitembea mpaka barazani kwa Bi Firdausi haraka kuliko umri wake ulivyopendekeza. Cherehani ilikuwapo. Gauni lilikuwa bado chini ya sindano, mshono umefika kiunoni, uzi haujakatwa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Bi Firdausi kutoka ndani. Hakutoka nje.

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Alikuwapo. Mteja kapita akimtania, eti dada siku hizi uko kwenye sinema. Akauliza sinema gani. Akaambiwa. Akavaa kandambili zake."

"Kaelekea wapi?"

"Mwalimu, mimi nina duka hapa, na nina watoto. Sikutazama."

Habari ilimtangulia njiani. Aliporejea Kibondo, ndugu zao wa Kakonko walikuwa wamekwisha kupiga simu kuuliza kama ni kweli Irakoze amechukuliwa. Irakoze alikuwa jikoni, hajachukuliwa. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ulimpelekea," alisema.

"Nilikwenda kufuta."

"Ego. Ulikwenda kufuta."

Sylvesta alisema kile ambacho alikuwa amekifikiria njia nzima, na ambacho, kama hoja, kilisimama vizuri. "Sasa unaweza kuwaambia ukweli. Ameshaondoka. Hakuna tena wa kuumia."

"Ameshaondoka kwenda wapi?"

"Sijui."

"Hujui. Basi hakika ya kwamba hawezi kuumia umeitoa wapi?" Alifunika sufuria. "Nikilitaja jina lake tu, watajua wamtafute nani. Sasa hivi wananidhani mimi, na mimi najulikana nilipo. Acha wanidhani."

Kamati ilikutana ukumbini, madirisha yakiwa wazi na projekta ikiwa mezani ndani ya sanduku lake. Pasikali alisema kwamba hana ugomvi na mtu, bali suala kama hili haliwezi kukaa ndani ya ushirika, kwani siku moja wakubwa watauliza kamati iliona nini na ilifanya nini. Mjumbe mmoja alipendekeza mashine irudishwe, lakini hakujua irudishwe kwa nani. Mwingine aliuliza kama Mama Moses mwenyewe hawezi kuja kusema neno. Sylvesta alijibu kwamba mke wake hana la kusema, na alipokuwa akiyatamka maneno hayo alisikia jinsi yalivyosikika masikioni mwa wengine. Mzee Kipriani, aliyependa amani na kuchukia kura, aliwasikiliza wote huku akisugua goti lake, kisha akatoa uamuzi, na Sylvesta, kwa kuwa ndiye katibu, akauandika kwa mkono wake.

Kamati imeamua kwa kauli moja kwamba kuanzia sasa projekta itawashwa ikiwa na kifuniko cha lenzi, na kifuniko hakitaondolewa mpaka mwenyekiti ajiridhishe kwamba kompyuta imeunganishwa. Katibu aliarifu kwamba kifuniko ni cha plastiki na kikiachwa mbele ya taa inayowaka kitayeyuka. Taarifa yake ilipokelewa. Kamati imeamua pia kwamba ngazi za juu ziandikiwe barua kuomba ufafanuzi wa neno "waliorudi", na kwamba mpaka ufafanuzi huo utakapopatikana, mwanachama Irakoze atahesabiwa kuwa yupo kwa muda.